Maganda Kumi na Moja ya Shaba

Aika mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Kimandolu kumuaga shangazi yako, na najua hatakuachia kabla hajakulisha mara mbili. Nina saa kama tatu hivi. Nimekaa kwenye meza ya jikoni, nimesogeza pembeni makaratasi yako ya zahanati, na baba yako nimemwambia asiniite mpaka nimalize. Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kutomwamini kila atakayekuita dada huko Tabora, hayo umeshayasikia mpaka siku hizi unayamalizia wewe kabla yangu. Sitayarudia. Barua hii ni ya jambo moja, na ningekuwa na ujasiri ningekwambia kwa mdomo. Lakini nakujua. Ungenikatiza katikati uanze kunitetea, na mimi ningekuacha unitetee.

Ni habari ya mjomba wako Elia.

Juzi tukila niliuliza kama tumwite aje kukutakia heri, kwa sababu ni ndugu yangu wa pekee na kwa desturi zetu mjomba ndiye wa kumtemea mtoto baraka anapotoka nyumbani. Wewe ukasema, "Mama, jamani, yule tena? Atakuja amelewa aanze kuimba mbele za watu. Mtu aliyejipasua jicho mwenyewe kwa ujinga wake, leo aje kunibariki mimi?" Wadogo zako wakacheka. Na mimi nikacheka kidogo, ule mcheko wa puani, halafu nikaondoa sahani.

Sikukasirikia maneno yako. Maneno hayo hukuyatunga wewe. Uliyakuta ndani ya nyumba hii, na mimi ndiye niliyeyaweka.

Babu yako, marehemu baba yangu, alikuwa na bunduki. Labda unaikumbuka, labda hapana. Ulikuwa na miaka sita ilipoondoka. Ilikuwa ndefu, ya enzi za Mjerumani, kitako chake kimeliwa na mchwa upande mmoja. Aliirithi kwa baba yake, aliyekuwa mlinzi wa shamba la kahawa la mzungu mmoja huko chini. Ilikuwa na kibali, na kila ilipotakiwa kukaguliwa babu alishuka nayo polisi amevaa koti lake la kanisani. Tuliitumia kufukuza nguruwe pori na nyani waliokuwa wakishuka kutoka msituni kuja kwenye mahindi, na mara moja moja nyati. Shida ilikuwa moja tu. Risasi za bunduki ile ziliacha kutengenezwa kabla babu hajaoa. Hakukuwa na duka lililokuwa nazo, si Arusha wala Dar.

Basi babu akawa anajitengenezea, hapo nyumbani. Ile ncha ya mbele inayoruka si kazi kubwa. Kazi ni ganda, kile kikopo cha shaba kinachobeba baruti. Alikuwa na rafiki aliyewahi kubebea wawindaji mizigo, na huyo alimletea maganda matupu ya bunduki nyingine, makubwa zaidi. Babu aliyakata, akayalainisha kwa moto, akayasukuma kidogo kidogo kwenye kalibu za chuma alizozichonga mwenyewe kwa tupa, mpaka yakakubali kukaa kwenye bunduki yake. Bunduki ilikuwa na kibali, kazi hii haikuwa nacho. Hilo nalo nakuandikia ili usidhani nakupa hadithi iliyooshwa.

Kazi hiyo alinifundisha mimi. Elia alikuwa mtoto wa kiume, mdogo wangu kwa miaka minne, na aliitaka kuliko kitu chochote. Babu alimjaribu siku mbili, naye akapasua maganda matatu, akatolewa. "Huyu mkono wake hauna breki," babu alisema mbele ya wote. Halafu akanigeukia mimi na kuniambia nikae pale kwenye kigoda. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Aika, sijui kama nimewahi kufurahi namna ile tena, hata siku ya harusi yangu, na baba yako anisamehe akisoma hapa. Nilikuwa na mkono mtulivu. Nilipoolewa hapa, mwendo wa nusu saa tu kutoka kwetu, babu aliendelea kuniletea maganda, na watu wachache waliojua walisema bunduki ya mzee inakula kutoka mkononi kwa binti yake.

Nikueleze kidogo tu ili uelewe kosa lilipo. Mdomo wa ganda unatakiwa uwe laini, ndipo ukubali umbo. Kitako chake kinatakiwa kibaki kigumu, kwa sababu ndicho kinachozuia moto wa baruti usirudi kwenye uso wa aliyeshika bunduki. Ndiyo maana tuliyasimamisha ndani ya maji, moja moja, kitako kikiwa majini na mdomo peke yake ukiona moto. Na tulifanya kazi hiyo stoo, mlango umefungwa, kwa kuwa shaba ikichomwa kwenye mwanga wa jua huioni rangi yake inapogeuka. Ni kazi ya kuchosha. Maganda kumi na mawili yanakula siku nzima.

Mwaka ule nguruwe walikuwa wameshamaliza nusu ya shamba la babu. Akaniletea maganda kumi na mawili, akasema anayataka haraka. Kesho yake binti wa jirani alikuwa anapata kipaimara na mimi nilikuwa nimepewa kupika pilau ya watu wengi. Wewe ulikuwa na homa na umelala humo humo stoo, kwa sababu ndicho chumba kilichokuwa na ubaridi. Saa saba mchana, jua likiwa utosini, nikayamwaga yote kumi na mawili kwenye jiko la mkaa, nje uani, kama mtu anayechoma mahindi. Sikuweka maji. Sikuona rangi. Nilijiambia kwamba mkono wangu unajua.

Yalipopoa nikalishika moja kwa koleo, upande wa kitako, nikabana. Kikabonyea. Kitako cha ganda zima hakibonyei kwa nguvu za mwanamke aliyetoka kumenya vitunguu. Nikalichukua ganda lile nikaenda nalo chooni nikalitupa shimoni, nikasimama mlangoni pale kwa muda. Nilijua. Nataka usome neno hilo na usilipunguze. Yote yalikuwa yametoka kwenye jiko moja, na mtu mwenye akili zake hahitaji kubana la pili.

Ningeweza kwenda kwa babu na kusema, baba, nimeyaunguza, nipe mengine. Angegomba jioni moja. Lakini ningekuwa nimeharibu, na mimi ndiye niliyekuwa siharibu. Mwenye kuharibu alikuwa Elia. Basi nikayasugua kwa limau na majivu mpaka yakang'aa, nikampelekea babu kumi na moja, na alipoyahesabu nikamwambia la kumi na mbili lilikuwa na ufa tangu alipolileta. Akanisifu kwa kuliona.

Siku ya tatu yake Elia ndiye aliyekaa zamu shambani. Macho ya babu yalikuwa yameanza kuingia ukungu na hakuwa akipiga tena. Elia alijaza risasi mwenyewe, akapima baruti mwenyewe kwa kile kijiko cha babu, akashuka shambani. Ya kwanza ililia vizuri. Ya pili ganda lilifunguka kitakoni na moto wote ukarudi kwake. Alipoteza jicho la kulia na kidole gumba cha mkono wa upande huo huo. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mwalimu wa kwaya ya usharika, amechumbia.

Siku ya pili babu alirudi kutoka hospitali akiwa na lile ganda mfukoni, limefungwa kwenye leso. Aliliweka kwenye meza hii ninayoandikia. Alilipapasa kwa vidole, akaliinua kuelekea dirishani, akashindwa. Akalisukuma mbele yangu. "Wewe mwenye macho, mwanangu. Angalia hapo. Ni ganda, au ni baruti?"

Lilikuwa limepanuka kitakoni na kuchanika kwenye ukingo. Mwanafunzi wa siku mbili angeliona hilo.

Nikasema, "Ni baruti, baba."

Akatikisa kichwa taratibu. "Nilijua," akasema. "Mkono wake hauna breki."

Hayo ndiyo maneno yote niliyosema, Aika. Matatu kama ukihesabu na lile la kumwita baba. Sikuwahi kuongeza chochote baadaye, haikuhitajika. Babu aliwaambia wazee wa kanisa, wazee wakawaambia wake zao. Wakati Elia anatoka hospitali kila mtu kuanzia huku juu mpaka Makumira alikuwa ameshajua kwamba alizidisha baruti kwa kiherehere, na wengine walishaongeza kwamba alikuwa amekunywa. Kipindi hicho Elia hakuwa anakunywa hata mbege ya harusini. Wakwe zake watarajiwa walituma watu kusema binti yao bado mdogo. Kwaya ikapewa mtu mwingine mpaka atakapopona, na alipopona hakuna aliyemwita. Bunduki ilikwenda polisi haikurudi, na babu akaanza kusema kwamba Elia amemnyang'anya hata kitu cha baba yake. Alikufa miaka minne baadaye, na kitandani alishika mkono wangu, si wa Elia. Nilimwacha aushike.

Kunywa kulikuja baadaye. Ulipoanza kumfahamu vizuri mjomba wako alikuwa tayari ni yule unayemjua, anayevuna kahawa za watu na kuimba sauti ya tatu peke yake njiani. Mimi niliwaambia msile kwake. Niliwaambia si msafi. Ukweli ni kwamba nilikuwa siwezi kukaa upande ule wa jicho lake.

Unakwenda kushika sindano na dawa za watu, na wote wanaokuaga wanakwambia uwe mwangalifu. Mimi siwezi kukwambia hivyo, maana nilikuwa mwangalifu kuliko watu wote ninaowajua. Miaka zaidi ya kumi sikuharibu ganda moja. Ndiyo maana neno langu lilipotoka hakuna aliyeliuliza swali. Elia angesema ni ganda, wangemcheka. Mimi nikasema ni baruti, ikaisha. Wewe nawe una mkono mtulivu, nimeuona tangu ukiwa mdogo, na watu watakuamini upesi. Hilo linanitisha kuliko malaria ya huko. Siku utakapokosea, na utakosea, usiende kulitupa lile moja uliloliona halafu ukanyamazia mengine. Nenda kwa mkubwa wako siku hiyo hiyo, na mikono bado inatetemeka. Ukingoja ikatulia hutakwenda. Mimi nilingoja itulie, na imechukua miaka kumi na saba.

Jana nilimwambia baba yako. Alikuwa hajui. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatoka kwenda kufunga mbuzi ambao walikuwa wameshafungwa. Aliporudi akasema, "Nenda kwa Elia kabla mtoto hajaondoka."

Leo asubuhi nikakata jani la isale pale kwenye mpaka wetu, nikalifunga fundo kama bibi alivyotuonyesha, nikaenda. Unajua desturi. Mtu akikujia na isale kuomba msamaha humrudishi. Njiani nilikuwa nategemea hilo, nakiri. Nilidhani nikimkabidhi jani atabanwa na mila anisamehe, nirudi kupika.

Nilimkuta amekaa mlangoni anachambua maharage. Hakuwa amelewa. Aliliona jani mkononi mwangu akasimama, akashtuka kweli, akaniuliza, "Dada, nani amekufa?" Nikamwambia hakuna. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitaanza kuzunguka. Nilimwambia habari ya jiko la mkaa, na koleo, na choo, na baba na leso yake kwenye meza.

Nilijiandaa kwa matusi. Nilijiandaa hata kupigwa. Kuna kitu kimoja nilikuwa nimejipa moyo nacho miaka yote, kwamba Elia mwenyewe anajua. Kwamba ndani yake anakumbuka alivyopima, na anajua kosa si lake, hata kama watu hawajui. Nilikuwa nimemwachia hilo, kwa mawazo yangu.

Alikaa chini tena kwenye gogo lake. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, kama anauliza habari ya mtu mwingine, "Kwa hiyo sikuzidisha?"

Nikamwambia hukuzidisha.

"Maana nilipima mara mbili," akasema. "Nilikuwa nakumbuka nilipima mara mbili. Lakini baba alisema, na wewe ulisema, na wewe huwa hukosei. Nikaona labda nimejitungia. Mpaka leo nikipika ugali, dada, unga napima mara tatu na bado sijiamini."

Hapo ndipo nilipokaa chini. Nilikuwa nadhani nimechukua jicho na kidole na mchumba. Sikujua kwamba nilichukua na kumbukumbu yake mwenyewe, na kwamba amekuwa akijichukia kwa jambo ambalo mikono yake haikulifanya. Nililia, na yeye hakulia. Alinitazama tu kwa lile jicho moja, bila ukali, kama mtu anayepiga hesabu ya siku nyingi.

Jani alilipokea. Alilipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akaliweka juu ya maharage. Kisha akasema, "Nimepokea kwa sababu ni isale. Mimi mwenyewe bado. Usinihimize." Nikamwambia sitamhimiza. Akasema kama nataka kulifanya jambo hili, nilifanye palepale lilipoenezwa, mbele ya watu walewale, wale walio hai. Basi Jumapili baada ya matangazo nitasimama kanisani. Mchungaji nimeshampigia. Bora ulijue kutoka kwangu kabla hujapigiwa simu Tabora na mtu mwenye hamu ya kukusimulia mama yako ni nani.

Sijui utaniwazaje ukimaliza kusoma. Nilizoea sana kuwa mama anayeaminiwa na wewe, na naogopa kesho. Ukitaka kuondoka bila kuniaga nitaelewa, ingawa itaniuma, na sitajifanya haikuniuma. Nakupenda. Nilikupenda siku ile ukiwa na homa stoo, na usije hata dakika moja ukadhani homa yako ilikuwa na sehemu katika jambo hili. Kulikuwa na vyumba vingine. Kulikuwa na kesho kutwa.

Jambo la mwisho. Kukusindikiza stendi ilikuwa nafasi yangu, nimempa Elia. Alikataa kwanza. Akaniuliza kama utakubali kupanda naye gari moja, nikamwambia sijui, kwa kuwa nimechoka kuwajibia watu maswali nisiyoyajua. Amesema saa kumi na moja alfajiri atakuwa nje ya geti, amenyoa na amevaa shati jeupe. Hatabisha hodi. Atasimama hapo hadi kupambazuke, na asipoona mtu ataondoka zake na hatatulaumu.

Mimi sitalifungua geti hilo, wala baba yako. Nitakuwa hapa jikoni, chai ikiwa tayari, nasikiliza.

Mama yako